Yai la Tano

Mama mkwe alikuwa njiani, nami nikajitia ufundi: leo mkate wa mayai napika mimi. Mke wangu akanitazama kama mtu aonaye wingu jeusi naye kaanika mpunga. "Haya, Baba Zuhura."

Trei ilikuwa imejaa, mayai 30: 20 ya kisasa ya dukani, na 10 ya kienyeji niliyoyaokota asubuhi nyuma ya magunia ya stoo, kuku wetu alikotaga kwa siri. Nikayapasulia bakulini moja kwa moja. La kwanza salama, la pili, la tatu, la nne. La tano, dogo jeupe, pu! Paka alikuwa wa kwanza kutoka jikoni.

"Mwenye duka katuuzia viza!" nikafoka, nikitafuta kandambili niende nikadai haki yangu.

"Baba, subiri," akasema Zuhura, aliye kidato cha nne. Akajaza maji ndoo, akatumbukiza 25 yaliyobaki. Yai likikaa sana, unyevu hupotea kupitia vitundu vya ganda na hewa huongezeka ndani, basi huelea. Matano yakaelea. Akayapasua uani: yote viza, manne ya kienyeji, moja la kisasa. Pamoja na langu, viza 6.

Akaokota kipande cha mkaa, akaandika sakafuni. "Ukifumba macho ukatwaa yai lolote, uwezekano wa kupata viza ni 6 kati ya 30, yaani moja ya tano. Yai liwe la kienyeji na tena viza? Theluthi mara nusu: moja ya sita. Lakini wewe Baba hukufumba macho. Ukishashika la kienyeji, yale 20 hayamo tena hesabuni. Yamebaki 10, na 5 ni viza. Nusu kwa nusu!"

"Na mwenye duka?" nikauliza, mguu mmoja umeshavuka kizingiti.

"Hapo geuza swali. Viza tunalo mkononi, limetoka wapi? Viza ni 6. Matano umeyaokota wewe stoo, lake ni moja tu."

Mke wangu hakusema mengi. Alinipa kikombe. "Siku nyingine, moja moja, humu kwanza."

Dukani nilikwenda, lakini kununua maandazi. Mama mkwe aliyasifu sana.