Maalimu wa Mwezi wa Aprili

Ifikapo Aprili, mvua za masika zikiwa zimeulowesha mji wa Mwanza, na mtihani wa kidato cha sita, ambao Baraza la Mitihani lililoundwa mwaka 1973 huuendesha mwezi wa Mei, ukiwa mlangoni, vijana waungwana ambao kwa takriban miaka miwili walizipa kalkulasi na vekta salamu za mbali tu, huonekana wakimiminika Kirumba, jirani na soko la dagaa la Mwaloni, kumtafuta maalimu mmoja mwenye ubao uliopasuka, na kumwamkia shikamoo kwa taadhima ambayo wazazi wao hawajapata kuionja.

Maalimu, ambaye ada yake hupanda kama bei ya sangara siku za uhaba (wala simlaumu), huandika swali la namba changamano, kisha akauliza ni lipi halikufahamika. Kimya. Halafu sauti yatoka nyuma: "Mwalimu, hili litatoka?"

Akisema hajui, nyoyo huvunjika. Akisema huenda, kalamu zote huinama, zikanakili kila hatua, pamoja na kosa alilolitia kusudi katika hatua ya tatu ili aone nani yu macho. Jioni mzazi huarifiwa kwamba mada imekwisha, naye humshukuru Mola.

Aliyemfuata tangu Oktoba, maalimu akiwa na nafasi na msaada ukiwa bure, ni binti mmoja tu. Na Aprili hii hakuonekana, kwani alikuwa akimsaidia mama yake kuanika dagaa.