Mzoa Taka Kanitoa Jasho

Mtu akikuambia anataka kitu "kama kilivyo kwenye muvi," jirani yangu, aga, rudi kwako, funga mlango. Mimi niliuliza, "Muvi gani?" Nikaisha.

Ni WALL-E, ya Pixar, ya mwaka 2008. Kiroboti kimeachwa duniani kinazoa taka, kinazikandamiza tumboni, kinatoa vibunda vya mraba. Miaka 700! Binti yangu Zuwena kaiangalia mpaka rimoti imefutika namba. Sasa anamtaka huyo. Kwa lego. Wa kufananafanana hamtaki. Anamtaka yeye mwenyewe.

Nikaenda soko la Karume, nikapata kiroba cha lego za mtumba. Muuzaji akanipimia kwa kopo. Za njano za kutafuta kwa tochi. Nyekundu tele. Kijani tele. Nyingine zina alama za meno ya watoto wa Ulaya.

Kiwiliwili chake ni boksi tu. Nani anashindwa boksi? Nikapanga vinundu kumi kwa upana, matofali kumi kwenda juu. Kumi kwa kumi, nimesoma hesabu mimi. Zuwena akaja, akainamisha kichwa.

"Baba, mbona umejenga friji?"

Nikatoa rula. Kumbe kila kinundu kinachukua milimita 8 kwa upana, ila tofali hilohilo kwa kimo ni milimita 9.6. Upana wangu sentimita 8, kimo 9.6. Hebu niambie, watu wazima kule Denmark, kwa wenye lego, na shule zote walizonazo, wanashindwaje kulinganisha upana na kimo?

Dogo wa nyumba ya pili, darasa la sita, akanielimisha bila kuombwa. Eti vile vipande bapa ni milimita 3.2 kimoja. Vitano vikipandana vinapata 16, sawasawa na vinundu viwili kwa upana. Eti mafundi wanalaza matofali ubavu, vinundu vitazame pembeni, hesabu zikutane. Nikamwambia mimi naleta msumeno. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Mzee, kukata hairuhusiwi. Wala gundi. Wala rangi."

Rangi hairuhusiwi! Na roboti ana kutu ya karne saba! Ila chai ya rangi hakuitaja. Nikampaka chai ya rangi kwa mswaki, akapendeza, nikalala kwa amani. Ile chai ilikuwa na sukari. Asubuhi sisimizi wamemjaa mpaka machoni.

"Baba Zuwena," mama watoto akauliza, "na hao nao wamo kwenye muvi?"

Zuwena akajibu, uso mkavu, kwamba kwenye muvi ni mende, tena mmoja, na jina lake Hal.

Haya, shingo. Kiroboti hiki hakina mdomo, hakina pua. Furaha, majonzi, mapenzi, kila kitu kiko kwenye macho ya darubini na hiyo shingo. Kikiinama kidogo tu, watu wazima wanafuta machozi. Changu kiliinama, kikaendelea kuinama, kichwa kikadumbukia kwenye mchuzi wa dagaa. Na usinicheke. Yule rasmi wa lego wa mwaka 2015, mwenye vipande zaidi ya 670, alibuniwa na Angus MacLane, mtu wa Pixar aliyeifanyia kazi muvi yenyewe. Na bado shingo za mwanzo zililegea mpaka zikasukwa upya. Ije kuwa mimi na kiroba changu cha Karume?

Nikaitazama muvi tena, kwa utafiti. Nikagundua kuna watu wenye akili mle. Wamehamia angani, wamenenepa, wanakaa kwenye viti vinavyoelea, wanakunywa kwa mrija, hawajengi chochote. Hao hakuna mtoto anayewataka kwa lego.

Ukaguzi ukaendelea. Kila jioni kidole kinapita. "Hapa sivyo. Na hapa. Baba, anatembelea minyororo ya katapila, ya pembetatu, wewe umemfunga tairi za teksi." Nikauliza, hakuna hata kimoja nilichopatia? Akafikiri sana.

"Taka, baba. Hizi zilizobaki sakafuni zimefanana."

Jumamosi mama watoto akasema kama mzoa taka wa plastiki hakamiliki, wa nyumbani aanze kazi, gari la taka linapita. Nikabeba mifuko, mmoja huku, mmoja kule, ndala zinaburuza, shingo imelala.

"Baba, hapohapo! Usisogee! Shingo ndiyo hiyo!"

Akakimbilia penseli. Nikaganda kibarazani, mfuko unanivujia kwenye kidole gumba. Gari la taka likaja, likapiga honi, likanisubiri, likaenda zake. Binti akanitazama, akautazama mchoro wake, akatikisa kichwa.

"Ila tumbo, baba. Tumbo ni la wale wa kwenye viti."