Unafuu wa Gari la Mbio la Mtumba

Nchini Marekani, mnunuzi wa Mazda MX-5 ya mtumba iliyokwisha kugeuzwa kuwa gari la mbio hujihesabu mwenye busara, kwa kuwa kizimba, yaani fremu ya mabomba ya chuma inayomkinga dereva gari linapopinduka, kimekwisha kulipiwa na mwingine. Hata hivyo, unafuu huo una mkia mrefu: mikanda ya usalama yenye ithibati ya FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, hukoma kutambuliwa baada ya miaka 5, matairi huliwa na lami, na gari lenyewe, ambalo mara nyingi haliruhusiwi tena barabarani, hudai trela pamoja na gari jingine la kulivuta. Ndiyo maana muuzaji, akiulizwa sababu ya kuliuza, hutaja uhaba wa muda, kamwe si wa fedha.