Chungu Kipo, Maharage Hakuna

Wapo wanaokerwa na vumbi la Babati, wapo wanaokerwa na bodaboda wanaokuvamia pale stendi kabla mguu haujagusa ardhi. Mimi kinachoniudhi ni maonesho ya vyungu yasiyo na chakula.

Gari la matangazo lilizunguka mtaani kwetu wiki nzima likitutangazia siku ya utamaduni na wajasiriamali: vyungu vya asili, vyakula vya asili, ngoma za asili. Ahadi zilikuwa tamu kiasi kwamba asubuhi ya siku yenyewe nikakataa chai. Mama watoto akauliza kama naumwa. Nikamwambia natunza nafasi. Ukishatajiwa vyungu na vyakula kwa mpigo mmoja, akili inaviunganisha yenyewe: kande iliyolala motoni usiku kucha, maharage yaliyoiva hadi yameanza kufumuka, kambale wa ziwa letu kwenye mchuzi mzito. Nilifika uwanjani nimevaa suruali ya kiuno cha mpira.

Nikakuta maturubai mawili. La kwanza la meza kuu, viti vya plastiki vimevikwa vitambaa vyeupe na kufungwa tai za zambarau mgongoni. La pili la wajasiriamali: mitungi ya gesi, sabuni za maji, asali, mikopo ya kujaza fomu papo hapo, na bwana mmoja mwenye kipaza sauti na unga wa mizizi unaotibu kisukari, presha na mikosi ya kazini kwa kijiko hicho hicho. Vyungu havikuwa chini ya turubai lolote. Vilikuwa mwisho kabisa, upande wa vyoo, juani, vimepangwa juu ya kiroba, na mwenyewe amekalia ndoo aliyoipindua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Karibu chungu."

"Hiki ni cha maharage?"

"Cha maharage, cha kande, cha mlenda. Wewe tu."

"Na maharage yenyewe yako wapi?"

Akanitazama kuanzia viatu kupanda juu. "Mimi nimeambiwa nilete vyungu."

Hatua chache kutoka pale mama lishe walikuwa wanakaanga chipsi kwenye karai na kupika wali kwenye sufuria kubwa la kilioni. Ndicho kilikuwa chakula cha asili. Asili ya wapi, gari la matangazo halikusema. Nikauliza kama hawakuona vibaya kupikia sufuria kwenye siku ya vyungu. Mmoja akaniambia, "Kaka, agiza au pisha foleni."

Nikarudi kwa bibi kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Akawa anahudumia mteja. Alichukua chungu kimoja, akakikalisha kwenye kiganja cha kushoto, akakigonga kwa kifundo cha kidole na kuinamisha sikio. Kikalia mlio mmoja safi. Akagonga cha pili, nacho kikajibu kwa sauti iliyokwama, mithili ya mtu mwenye mafua. Akakitenga nyuma yake bila kusema lolote. Mimi ningenunua hicho hicho cha mafua, maana kwa sura ndicho kilikuwa bora. Kile kizima kilikuwa na doa jeusi ubavuni, upana wa kiganja, mahali ambapo moto ulikosa hewa na moshi ukazama kwenye udongo. Mteja akataka apunguziwe bei kwa sababu ya lile doa. Bibi akamwambia doa halipiki.

Alikuwa na vyungu saba tu. Nikamuuliza vipi, siku kubwa namna hii na vyungu saba? Ndipo nikaelezwa, na nilipoelezwa nikapata jambo jipya la kulalamikia. Udongo unachimbwa, unatwangwa, unachanganywa na mchanga au vigae vya vyungu vya zamani vilivyosagwa, ili chungu kivumilie moto. Unapandishwa kwa mikono mitupu, bila gurudumu, unasuguliwa kwa kokoto, kisha unaachwa kivulini hadi unyevu wote uishe. Ukiharakisha, maji yaliyojificha ndani yanageuka mvuke na chungu kinapasuka motoni, tena kinaweza kuondoka na wenzake. Halafu vinafunikwa kuni, nyasi na mavi makavu ya ng'ombe, na kuchomwa hadharani, siku isiyo na mvua wala upepo mkali.

Kazi kama hiyo inataka kiangazi, mtoto wa darasa la pili anajua. Sisi siku yetu tumeiweka katikati ya mvua, kwa sababu ndiyo wiki ambayo mgeni rasmi alikuwa na nafasi. Ratiba ya mgeni ilizingatiwa, ya udongo hakuna aliyeiuliza.

Saa nane mchana mgeni akaingia, tukasimama, tukakaa, tukasimama tena. Kabla yake alipita ofisa mmoja kijana, kalamu sikioni, akikagua mabanda. Alipofika kwa bibi akatikisa kichwa.

"Mama, lazima uongeze thamani. Vifungashio, nembo. Ukipaka vanishi hivi vingewaka."

"Nikipaka hiyo kitapikiwa?"

"Si lazima kipikiwe mama. Kinaweza kuwa pambo. Hotelini wanaweka maua."

Bibi akakitazama chungu chake. Ofisa akaendelea: ajiunge na kikundi, apate mkopo wa ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Kikundi kinahitaji katiba, akaunti ya benki na mihutasari ya vikao. Bibi akauliza ni nani atakayekuwa anafinyanga wakati wengine wanaandika mihutasari. Ofisa akasema hilo watalijadili kwenye kikao.

Hotuba ikagusa nishati safi. Mkakati wa taifa uliozinduliwa 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mimi sina neno na gesi. Macho ya mama watoto na moshi wa kuni ni maadui wa siku nyingi. Tena chungu hukaa juu ya jiko la gesi bila matata ukikianzia moto mdogo. Hilo halikusemwa. Yaliyosemwa yalifanya watu wageuke kumtazama bibi kwa huruma, kana kwamba ndiye aliyekata msitu wa Kwaraa.

Na huku hotuba ikiendelea, mbele ya meza kuu kulikuwa na katoni za maji ya chupa, yamepata moto wa jua hadi mgeni akawa anayanywa kwa kupuliza. Nyuma yetu, kwa bibi, umekaa mtungi wa udongo ambao kazi yake tangu zama za mababu ni kupoza maji: yanapenya taratibu kwenye udongo, yanakauka kwa nje na kuondoka na joto. Mtungi mtupu. Kwenye maonesho ya mitungi tulikunywa plastiki ya uvuguvugu na kupiga makofi.

Mwisho mgeni akapelekwa kwenye vyungu. Akakishika kimoja, akapigwa picha, akasema neno zuri kuhusu mama zetu, na chungu kikaingia kwenye gari pamoja naye kama zawadi. Vikabaki sita. Nilitafuta kwa macho ni nani atakayetoa pochi. Niliyemwona anatoa kitu mfukoni alitoa simu, apige picha nyingine.

Wahenga waliosema mfinyanzi hulia gaeni walikuwa wanasikitika tu. Hawakujua kwamba tungekuja kuunda kamati ya kulisimamia hilo.

Ukitaka maonesho ya kweli, nenda Kyela uone. Wanawake wa Kikisi, kule chini ya milima ya Livingstone kando ya Ziwa Nyasa, wanaishi kwenye mteremko ambao jembe haliwezi kufanya miujiza, kwa hiyo chungu ndicho shamba lao. Vyungu vinasafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo karibu na Matema, na kutoka hapo vinasambaa Kyela, Tukuyu na Mbeya. Ni maonesho yaliyoanza kabla hakujawa na neno ratiba, na hayajawahi kungoja utepe ukatwe. Watu wanakwenda kwa sababu nyumbani chungu kimevunjika.

Wanaodhani ufinyanzi wa mikono ni kazi ya wasio na la kufanya waulize habari za Magdalene Odundo. Amezaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza kusoma sanaa, na miaka ya 1970 akajifunza Abuja, Nigeria, penye wanawake wanaopandisha udongo kwa mikono. Mmoja wao, Ladi Kwali, yumo mpaka leo kwenye noti ya naira 20, na chungu chake. Odundo naye hatumii gurudumu. Anapandisha, anasugua, anachoma mpaka nyekundu, na akitaka cheusi anachoma tena kwa kukinyima hewa. Yaani lile doa la bibi, ila limeenea chungu kizima na kwa makusudi. Chungu chake kimewahi kupigwa mnada kwa zaidi ya pauni laki mbili. Hapa kwetu yule mteja aliomba apunguziwe elfu mbili kwa sababu ya doa.

Na ukikivunja ndiyo kabisa kinapanda cheo. Kusini mwetu, kule Lelesu kwenye nchi ya Wasandawe, vilipatikana vigae vya vyungu vya zaidi ya miaka 1,500, na wanaakiolojia wakaliita kundi zima la vyungu vya namna hiyo jina la pale. Kigae kinapewa namba, kinafungwa kwenye karatasi laini, kinaandikiwa kitabu. Kikiwa kizima kilipakiwa Lelesu au Babati juu ya mgongo wa mtu na hakuna aliyeandika.

Lami nayo sikuisamehe. Ile ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilifunguliwa rasmi mwaka 2018, na tangu hapo sufuria na ndoo zinatufikia kutoka pande zote bila hata kupata mikwaruzo. Nafuu kubwa kwa mgongo wa abiria. Kwa bibi wa vyungu, sijui kama kuna aliyemuuliza.

Nilinunua kile cha doa jeusi, yule mteja alipokataa. Bibi akanipa masharti: kiloweke usiku mzima, kipikie uji mwepesi wa kwanza na uumwage, kisipandishwe moto mkali kikiwa kitupu, kisiwekwe kwenye saruji baridi kikiwa kimetoka jikoni. Masharti yanazidi ya mkopo, ila yanaeleweka.

Nikakifikisha nyumbani nikiwa na njaa ya tangu asubuhi. Mama watoto akakipokea kwa mikono miwili, akakisifia, akakifuta vumbi na kukiweka sebuleni juu ya kabati la televisheni. Kesho yake nikakuta kimetiwa maua ya plastiki. Nikamkumbusha masharti ya bibi. Akasema kizuri hivyo akakitie masizi? Nikamwambia kimezaliwa na masizi, tazama ubavuni. Akakizungusha, doa likaelekea ukutani.

Kwa hiyo maharage bado tunapikia sufuria, na mimi natazama taarifa ya habari chini ya chungu.

Juzi kamati imeanza kuzunguka kukusanya ahadi za maonesho yajayo. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina na daftari. Nikawakaribisha, nikawakalisha mahali ambapo chungu kinaonekana vizuri, nikatoa hoja zangu: isogezwe hadi kiangazi, vyungu viingie turubaini, mtungi ujazwe maji, na angalau chungu kimoja kiwekwe jikoni tangu usiku kikiwa na chakula ndani. Wakasema mawazo mazuri, watayafikisha mbele. Wakauliza ahadi yangu. Nikasema kilo tano za maharage ya njano, mkaa juu yangu, na chumvi. Katibu akaandika. Mweka hazina akalitazama daftari kwa muda, akasafisha koo.

"Mzee, na hayo maharage, hayawezi kutumwa kwa simu?"