Sifa za Uzi Unaokatika

Babati wa kusifiwa wameshasifiwa: ziwa na viboko wake, Mlima Kwaraa, mahindi, mbaazi. Amesahauliwa mmoja tu, anayetukanwa kila siku penye cherehani, hapa Mutuka kama kwingineko: uzi unaokatika katikati ya mshono. Nami nadai kwamba katika kibanda chote cha fundi, hakuna msema kweli ila huo uzi. Fundi atakwambia njoo Ijumaa; kitambaa kitajidai hakichuji; mteja ataapa hajanenepa tangu vipimo vya mwaka jana. Uzi ukikatika, pana kosa, na kosa hilo lina mahali pake.

Tazama kazi yenyewe. Tangu Elias Howe wa Marekani apate hataza ya cherehani ya nyuzi mbili mwaka 1846, tundu la sindano ya mashine liko kwenye ncha, na kipande kilekile cha uzi hupita humo, kwenda na kurudi, makumi ya mara kabla hakijatulia kwenye nguo. Ndiyo maana uzi huwa wa kwanza kugundua lililoharibika njiani. Tundu likiwa na kikwaruzo kisichoonekana kwa macho, uzi huota manyoya, kisha hukatika. Sindano ikifungwa kinyume, upande wake bapa usielekee kule kinakopita kindoana kinachodaka uzi, mshono huruka. Namba nayo ina neno: 90 ni shina lenye unene wa milimita 0.9, linatosha vitenge vingi. Ipeleke kwenye jinzi iliyokunjwa mara nne uone inavyopinda, ikagonga chuma na kuvunjika, kumbe ilitakiwa 100 au 110. Hata rili iliyotundikwa mlangoni ipendeze wateja, jua likishaila, uzi wenyewe ndio utakaotoa taarifa.

Hukumu ya mafundo ndiyo inayonifurahisha zaidi. Kitambaa kikigeuzwa na kukutwa na kichaka cha nyuzi upande wa chini, mkono wa fundi huenda moja kwa moja kwenye bobini: huitoa, huipuliza, hukaza skrubu ya kikasha chake. Bobini haina hatia. Mara nyingi uzi wa juu ndio haukuingia kati ya visahani vya tensheni, kwa kuwa ulipitishwa mguu unaobana kitambaa ukiwa umeshushwa na visahani vimebanana. Ukakosa wa kuuzuia, ukamwagika chini. Inua mguu, pitisha uzi upya, kichaka kinakwisha. Uchafu unaonekana chini, kosa liko juu. Wenye ofisi zao watamalizia wenyewe.

Mbishi ataanza na muda. Ni Januari, sare za shule zimerundikana, mzazi kasimama mlangoni, na uzi unachagua saa hiyohiyo. Unaudhi, sikatai. Lakini kutunga uzi upya hakufiki dakika moja, ilhali umeme nao hukatika, tena kwa saa nzima, bila kumfundisha mtu lolote. Fundi anayeusikiliza uzi hupangusa vumbi la kiangazi kwenye meno yanayosukuma kitambaa na kutia tone la mafuta. Asiyeusikiliza huja kuambiwa na fundi wa mashine, na huyo ana bei yake. Sindano inayovunjika ni hoja nzito zaidi, maana kipande huweza kuruka hadi jichoni, na hapo sina utani. Nasema tu kwamba mara nyingi imevunjwa na mkono uliokuwa ukivuta kitambaa badala ya kuyaachia meno kazi yao, na ni nafuu iende sindano, inayouzwa kwa pakiti, kuliko kindoana.

Basi, atasema mwingine, nunua uzi mgumu usiokatika abadani, ule wa viatu na magunia, mambo yaishe. Hayaishi, yanahama. Gauni la kitenge lina siku yake ya kuvutwa: kupanda bodaboda, kuinama kuosha vyombo, kucheza harusini. Siku hiyo lazima kimoja kiachie, na uzi ukigoma kitaachia kitambaa. Mshono uliofumuka hupitishwa mashine asubuhi na gauni likavaliwa jioni. Kitenge kilichochanika kando ya mshono hakuna fundi wa Mutuka wala wa Kariakoo wa kukirudisha.