Ndege Ikichelewa ni Tangazo, Mimi Nikichelewa ni Barua

Katika kazi yetu kuna kuchelewa kwa aina mbili. Ndege ikichelewa, linatolewa tangazo. Mhudumu wa ndege akichelewa, inatolewa barua. Tangazo lina "tunaomba radhi", barua ina "jieleze ndani ya saa 48". Tangazo nalisoma mimi, barua naipokea mimi tena kwa kusaini daftari. Kwa hiyo naamini nina sifa zote za kuyazungumzia haya mawili bila upendeleo.

Watu wengi hudhani kazi yetu inaanzia pale mlangoni, mtu anaposimama na tabasamu na kusema karibu sana. Pale kazi imeshafika katikati. Inaanza na rosta, na rosta huandikwa kwa saa za dunia. Sekta ya anga inatumia saa moja kote, ili watu wa London na wa Mumbai wasipishane kuhusu ndege itakayokuwa wapi muda gani. Sisi Afrika Mashariki tuko mbele ya saa hiyo kwa saa 3. Rosta ikiandika 0130, simu yangu itasoma 04:30, na mama yangu akiniuliza natoka saa ngapi nitamwambia saa kumi na nusu alfajiri. Zote hizo ni za tukio moja tu: mtu kutafuta soksi ndefu gizani.

Meneja wetu anaona jambo hili liko wazi kabisa. Kwake liko wazi, kwa sababu yeye huingia ofisini baada ya chai. Wa kuonewa huruma ni dereva wa gari la kukusanya kru. Dereva mpya akikabidhiwa karatasi yenye 0130, mbele yake kuna njia tatu. Anaweza kuisoma kama simu yake inavyosoma, akaja saa saba na nusu usiku. Anaweza kuisoma kama alivyolelewa nyumbani, akaja saa moja na nusu asubuhi, ameshiba chapati. Au anaweza kujumlisha 3 na kuja panapotakiwa. Nimeshaletewa madereva wa madhehebu yote matatu.

Yule wa saa saba na nusu ndiye aliyenichafulia jina mtaani. Nimepanga Segerea, kwenye nyumba yenye wapangaji wengi na mbwa wenye kujituma. Jamaa alisimamisha gari getini, akapiga honi, mbwa wakaitikia, baba mwenye nyumba akatoka na panga. Asubuhi nilipita uani kwa adabu zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Yule mgeni wako wa usiku alifika salama?"

"Alikuwa dereva wa kazini, mama. Alikosea saa."

"Ndiyo, ndiyo," akasema mama mwenye nyumba, huku akipepeta mchele wake bila haraka. "Hata mimi usichana nimepita."

Tangu hapo nikitoka alfajiri, midomo myekundu na begi la magurudumu likikokoteka kwenye kokoto, pazia la chumba chake husogea. Nimewahi kufikiria kumwonyesha rosta. Nikakumbuka imeandikwa 0130, nikaona nitazidi kujichongea.

Ukifika uwanjani salama, unakutana na mashine ya kusaini kwa kidole. Hapa panahitaji maelezo. Idara moja, ile ya mwonekano, inataka mikono ya mhudumu iwe laini, ipakwe losheni, kucha ziwe safi na rangi iwe moja. Idara nyingine, ile ya mahudhurio, imenunua mashine inayotambua mikono ya mtu aliyetoka kulima. Unaweka kidole, mashine inasema jaribu tena. Unafuta kidole, inasema jaribu tena. Mlinzi, mzee mwenye huruma, anakushauri ukisugue kwenye sketi. Sketi ni sare, na idara ya kwanza haitaki sketi yenye doa la losheni. Wakati huo saa iliyo juu ya mashine inahesabu dakika zako bila haya, kwa sababu hiyo haihitaji kidole cha mtu.

Ndani kuna kikao cha kabla ya safari, sisi tunakiita brifingi. Kila mmoja anaweka mezani pasipoti, leseni, cheti cha afya, kitabu cha taratibu za usalama na tochi inayowaka. Kapteni anasema hali ya hewa, ukungu wa Songwe ukiwepo anasema, mawingu ya Ziwa Viktoria anasema. Halafu kiongozi wa kru anauliza maswali ya usalama. Kizimamoto cha nyuma kiko upande gani? Abiria akizimia, nani anabaki naye na nani anafuata oksijeni? Ukikosa jibu unashushwa kwenye safari hiyo, na hapo simlaumu mtu. Ndege ya abiria haiidhinishwi mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu tu ya milango ikitumika. Na kanuni inayofuatwa sehemu nyingi ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Ndege yetu ndogo ya mapanga ina viti 76, kwa hiyo tuko wawili. Mmoja akikwama kwenye foleni, abiria wote wanakwama naye. Dakika za mhudumu zina uzito, hilo nalikubali bila kubembelezwa.

Shida ni pale meneja anapoamua kuhudhuria brifingi mwenyewe. Yeye haulizi kizimamoto.

"Dada, hiyo rangi ya mdomo ni ipi?"

"Nyekundu, madam."

"Nyekundu ipi?"

Hapo kitabu cha usalama hakina ukurasa wa kukusaidia. Mwenzangu wa kiume, ambaye kazini kwake hakuna rangi ya mdomo, hutazama dari akiomba zamu isimfikie, kwa sababu yeye ana soksi za rangi ya maji ya bahari.

Najifariji kwa historia. Mhudumu wa kwanza wa kike duniani, Ellen Church wa Marekani, alianza kazi Mei 1930 na kampuni ya Boeing Air Transport. Alikuwa muuguzi. Masharti ya wale wa mwanzo yalikuwa mtu awe muuguzi, asiwe na mume, asizidi miaka 25, na uzito usizidi ratili 115, yaani kama kilo 52. Nikimaliza sahani ya wali maharage kwenye kantini ya wafanyakazi, huwa nawakumbuka wale dada kwa heshima kubwa. Meneja wao alikuwa na mizani.

Sasa kuna kitu kinaitwa standibai. Siku ya standibai huna safari, lakini huna mapumziko pia. Unakaa karibu na simu na begi limefungwa, ukiitwa unatoka. Ni kama mbuzi aliyefungwa kamba ndefu: anajiona huru mpaka kamba ikaze. Kamba yangu ilikaza kwenye sendofu ya binamu yangu, nikiwa nimevaa kitenge cha kamati, foleni ya kumlisha keki shangazi imenifikia. Simu ikaita. Meneja wetu hasalimii kwenye simu.

"Uko wapi?"

"Sinza, madam."

"Kuna safari ya Bukoba. Mwenzio anaumwa."

Nikamwachia shangazi uma, nikapanda bodaboda na begi nimelikumbatia, nikabadilisha nguo kwenye choo cha wafanyakazi, nikabishana na mashine mpaka kidole kikakubali. Nilipomaliza, nikaambiwa safari ya Bukoba imeahirishwa, nirudi nyumbani, asante kwa ushirikiano. Posho yetu inahesabiwa kwa saa za kuruka, na saa za kuruka zinaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho. Bodaboda haihesabiwi hata ikiruka matuta.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Mwaka 2022 shirika la Delta la Marekani lilianza kuwalipa wahudumu wake muda ule wa kupandisha abiria, kwa nusu ya kiwango cha kawaida, na ikawa habari kubwa. Maana yake ni kwamba kabla ya hapo, mhudumu aliyekuwa akikusaidia kuingiza begi kubwa kuliko kabati alikuwa akifanya hivyo kwa mapenzi tu.

Basi ikaja asubuhi ya masika. Mvua ilinyesha usiku kucha, bonde la Msimbazi likajaa, na gari la kru likazunguka njia ambayo hata daladala haziijui. Niliweka kidole. Mashine ikanitambua mara ya kwanza, jambo ambalo halijawahi kutokea, na ikaandika: amechelewa dakika 7. Nikakimbilia brifingi. Hapakuwa na haraka, kwa sababu ndege yenyewe ilikuwa bado iko Mwanza ikisubiri fundi. Tuliondoka baada ya zaidi ya saa tatu. Nilisoma tangazo la kuomba radhi mpaka nikalijua kwa moyo, na abiria mmoja mzee akawa ananisaidia kulimalizia.

Siku mbili baadaye nikapokea bahasha: jieleze kwa nini usichukuliwe hatua za nidhamu kwa kuchelewesha huduma dakika 7. Nilikaa usiku natafuta maneno. Kisha nikagundua kwamba maneno ninayo, tena yameshaidhinishwa na uongozi. Nikaandika hivi:

"Ndugu Meneja, tunaomba radhi kwa kuchelewa kuripoti asubuhi ya tarehe tajwa. Kuchelewa huko kumetokana na sababu za kiuendeshaji zilizo nje ya uwezo wetu. Tunathamini uvumilivu wako, na tunakushukuru kwa kuendelea kutuchagua."

Niliitwa kesho yake. Madam alikuwa ameishika karatasi kwa vidole viwili, miwani imeshuka puani.

"Hii umeandika wewe?"

"Hapana madam, mmeandika ninyi. Mimi huwa naisoma tu."

Akanyamaza. Kona ya mdomo wake, mwekundu wa aina inayokubalika, ikacheza kidogo, akairudisha mahali pake.

"Hizi sababu za kiuendeshaji ni zipi hasa?"

"Hata abiria huniuliza hivyo hivyo, madam."

"Na wewe huwajibu nini?"

"Huwa nawapa maji."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nikamuuliza kama nimletee. Akaniambia nitoke.

Barua ya pili haikuja. Badala yake kulibandikwa waraka kwenye ubao wa matangazo, una mhuri na nakala kwa idara zote, unaosema ni marufuku kwa mfanyakazi yeyote kutumia lugha ya matangazo ya ndani ya ndege katika mawasiliano ya kiofisi. Tuliusoma tukiwa tumezunguka ubao, mabegi miguuni. Yule mwenzangu wa soksi ndiye aliyetuonyesha kwa kidole pale juu kulia: waraka ulikuwa na tarehe ya Jumatatu na agizo la kubandikwa siku hiyo hiyo. Ulibandikwa Ijumaa. Mpaka leo sijasikia nani ameandikiwa barua.