Udanganye Mngurumo, Usiiguse Ethi

Sogea karibu, fundi mwenzangu. Unataka amplifaya ya kujiundia mwenyewe, jirani aje kuuliza umeinunua wapi. Atauliza. Zishike njia hizi za mkato.

Kwanza, pesa zako zitie kwenye transfoma. Kasha ling'oe kwenye deki mbovu, lipige rangi nyeusi, litapendeza. Transfoma dhaifu haifichwi na rangi.

Pili, kabla ya kwenda dukani, zidisha volti za transfoma kwa 1.4. Ya 18-0-18 itakupa kama volti 25 kila upande, na IC ya TDA2050 mwisho wake ni 25 hizohizo. Isipobebeshwa mzigo, transfoma hupanda zaidi. Chukua 15-0-15, upate kama 21, ulale usingizi.

Tatu, siku ya kuwasha, pitisha umeme kwanza kwenye balbu ya uzi ya wati 60. Ikiwaka kisha ikafifia, kapasita zimejaa tu. Ikibaki inawaka sana, chomoa: kuna shoti, na balbu imekuokolea IC.

Sasa mngurumo, unaoliza mafundi wengi. Chomoa waya wa sauti, uunganishe tundu lake na graundi. Bado unanguruma? Graundi zako zimetawanyika. Ya sauti na za spika zote zilete kwenye nukta moja. Nukta hiyo isikae katikati ya kapasita mbili kubwa, maana pale mkondo wa kuzijaza hupiga mara 100 kwa sekunde. Isogeze pembeni kwa waya mmoja mfupi, mnene.

Mngurumo ukinyamaza, kisha ukarudi ulipochomeka kompyuta, toa chaja ya kompyuta. Kimya? Basi graundi zimekutana kwa njia mbili: waya wa sauti na ethi ya ukutani. Hapo atatokea mjuaji akuambie ukate waya wa kijani na njano kwenye plagi. Mngurumo utakwisha kweli. Kataa! Siku waya wa moto ukigusa kasha, kasha zima litakuwa na volti 230, fyuzi isikatike, na mtoto atanyoosha mkono kuongeza sauti.

Njia ya mkato iliyo salama ni hii: ethi ifunge kwenye kasha kwa bolti. Nukta yako ya graundi iunganishe na kasha kupitia rezista ya omu 10, na daraja la daiodi sambamba nayo. Chini ya bolti kwangua ile rangi nyeusi mpaka bati ling'ae, kisha kaza kwa spana, si kwa vidole.